Mhariri, watunzi wanawake nao wana wasomaji

Ndugu Mhariri,

Nanunua gazeti lenu kila Jumamosi, na ukurasa ninaoanza nao ni ule wa vitabu. Lakini tangu mwaka huu uanze sijakutana humo na mtunzi mwanamke hata mmoja wa hadithi tunazosoma sisi watu wa vibandani na abiria wa mabasi ya mwendokasi. Ndiyo maana leo nimekifunika cherehani mapema nikaja kuwaandikia.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Magomeni, mwaka wa 19 sasa. Kibandani tupo watatu, mimi na mabinti wawili ninaowafundisha kazi. Saa nane mchana, jua kali na wateja wamepungua, mmoja wetu anaacha kushona, anashika simu na kutusomea. Tunasoma hadithi zinazotumwa kwenye magrupu ya WhatsApp, sehemu kwa sehemu. Mtunzi anakupa sehemu kumi za mwanzo bure. Utamu ukishakolea, unalipia buku, yaani shilingi elfu moja, au buku mbili kwa simu, naye anakutumia zilizobaki. Katika magrupu niliyomo mimi, wengi wa watunzi ni wanawake. Yumo mwalimu, wamo kina mama wa nyumbani, na yumo muuguzi anayeandika akiwa zamu ya usiku. Siku akichelewa kutuma tunajua wodi imejaa, na hakuna anayemlalamikia.

Mwezi uliopita kaka mmoja alikuja kuchukua suruali yake. Akasimama mlangoni akasikiliza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mnasoma hizi hadithi za mapenzi za kina mama." Akalipa, akaaga. Ni mtu mstaarabu na hakukusudia kutuudhi. Ila neno lile halijanitoka, kwa sababu sehemu aliyoikuta tunaisoma ilikuwa hii.

Binti wa kidato cha tatu kajifungia chumbani usiku. Sketi ya shule kaigeuza, anafumua mshono wa ubavuni kwa wembe, uzi mmoja mmoja, taratibu, dada yake aliyelala asisikie. Akimaliza anaushona upya kwa mkono, nusu inchi kutoka mshono wa zamani, apate nafasi tumboni. Asubuhi mama anaichukua sketi kuipiga pasi. Anauona mstari mwembamba wenye rangi iliyokoza kuliko sketi nzima, pale ambapo kitambaa kilikuwa kimejificha ndani ya mshono na jua halikukipausha. Mama hasemi kitu. Anapiga pasi mpaka mwisho, anaikunja sketi, anaiweka kitandani.

Ndugu Mhariri, hakuna aliyekanyaga cherehani kwa muda mrefu. Mimi nimeletewa sketi kama ile, tena zaidi ya mara moja. Naujua ule mstari uliokoza, na ninajua ulimi unavyokuwa mzito binti akikusimamia mbele na kusema, "Niachie kidogo kiunoni, mama, nimenenepa." Hadithi yenyewe imewekwa miaka ya nyuma, kabla ya Novemba 2021, serikali ilipokuwa bado haijaruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi shuleni. Kwa hiyo mama aliyeshika ile pasi anajua kwamba akifungua mdomo tu, shule ya mwanawe imekwisha. Mapenzi yamo ndani yake, ndiyo. Kijana yumo na meseji zake tamu zimo. Lakini mimi nilimlilia yule mama.

Kitu kama hicho anakiandika mtu aliyetazama kwa makini na kukaa nacho moyoni. Kwa nini basi kisiandikwe habari zake gazetini?

Sisemi hivi kwa kuwa sijui vitabu vingine. Nilipokuwa binti, shangazi yangu alinipeleka Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Huko nikaazima riwaya iitwayo Shida ya Ndyanao Balisidya, iliyotoka mwaka 1975, inayomsimulia kijana Chonya anayeacha kijiji na kuufuata mji huu wetu. Nakumbuka nililigeuza jalada mara mbili nihakikishe kweli aliyeandika ni mwanamke. Mpaka siku ile nilidhani wanawake wanasimulia tu, wanaoandika ni wanaume. Baadaye nikamsoma Zainab Burhani, nikawa siachi tena.

Na mwaka 2018, Zainab Alwi Baharoon aliposhinda Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell kwa riwaya yake Mungu Hakopeshwi, niliingia maduka mawili ya vitabu mjini kuitafuta. Kote nilijibiwa, "Mama, hapa tuna vya shule." Nilikuja kuipata kitabu kilipochapwa na Mkuki na Nyota, wachapishaji wa hapahapa Dar. Msomaji anayetafuta hivyo kwa nauli yake anahitaji gazeti la kumwambia kipi kimetoka na kinapatikana wapi. Huyo ndiye mimi, na tuko wengi.

Niseme pia juu ya wanaovujisha. Wapo wanaolipia hadithi kisha wanaisambaza nzima bure kwa watu mia. Nimegombana na mdogo wangu wa damu kwa jambo hilo. Buku ile ndiyo malipo pekee ya yule muuguzi kwa usiku wake, na kumnyima ni kama kuvaa gauni nililoshona na kuondoka bila kulipa.

Ombi langu ni kwamba ukurasa wa Jumamosi uwahakiki na hawa, kwa ukali uleule mnaowahakiki wengine. Kama kazi ni mbovu, semeni. Na mrudishe hadithi ya kuendelea, ianze na mtunzi mwanamke. Marehemu mama alikuwa anakata sehemu za hadithi gazetini na kuzishona kwa uzi wa cherehani zikawa kijitabu. Ninacho hadi leo. Sehemu ya 23 haimo, nadhani siku hiyo gazeti halikufika mtaani, na pale mama aliweka karatasi tupu, akaacha nafasi.

Mkihitaji majina ya watunzi ninaowasoma, namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Nitawauliza wao kwanza kama wanaridhia.

Msomaji wenu,
Fundi cherehani,
Magomeni, Dar es Salaam