Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji: tupeni chumba kimoja Arusha

Ndugu Katibu Mtendaji,

YAH: MTIHANI WETU WA BIMA KUHAMISHIWA DAR ES SALAAM

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima na ofisi inaendelea vizuri. Sisi wanachama wa chama chetu cha bima, Kanda ya Kaskazini, tu wazima pia, isipokuwa jana usiku tumepokea ujumbe wako kwamba mtihani wa Jumamosi hautafanyika tena Arusha, "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu", na kila mtahiniwa afike Dar es Salaam saa mbili asubuhi akiwa na kitambulisho na kalamu. Asante kwa kutukumbusha kalamu.

Nianze na njia, maana huenda ofisini kwenu mmezoea ndege. Arusha hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600. Ukipanda basi la alfajiri, unashuka stendi ya Magufuli jioni, miguu imevimba. Kwa hiyo mtihani wa Jumamosi unaanza Ijumaa na kwisha Jumapili usiku. Hapo kuna nauli ya kwenda na kurudi, gesti, chakula, na ruhusa ya bosi ambaye Julai nzima hataki hata kulisikia neno ruhusa, kwa kuwa magari ya watalii ndiyo yanaingia mbugani na kila mwenye gari anataka bima yake leo. Mwenzangu wa Karatu ana mtoto anayenyonya. Mimi pesa ya mtihani niliitoa kwenye ada ya kijana wangu wa kidato cha nne, nikamwahidi mwalimu mkuu kwamba kamisheni ya mwezi huu itaziba pengo. Kamisheni haijatoka, na sasa natakiwa nitafute nauli.

Ada ya mtihani hairudishwi, mmesema. Ya uanachama tulilipa Januari, na namba ya malipo ilitufikia huku ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kwenye ramani yenu Arusha ipo.

Tena ulipokuja kwenye mkutano wa wanachama ulisimama mwenyewe ukasema kila kanda itapata kituo chake cha kudumu. Tulikupigia makofi sana siku ile.

Sababu zenyewe ni zipi? Wapo wanaosema tuliojiandikisha ni wachache, haiwalipi kumleta msimamizi. Wapo wanaosema msimamizi wa mara iliyopita bado anadai posho. Mimi nahisi ni ukumbi, mlichelewa kulipia. Kama ni ukumbi, mtuwie radhi tukicheka. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilipata nafasi hapa AICC, jengo letu la mikutano ya kimataifa, mpaka ilipofungwa mwaka 2015. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao makuu hapa hapa. Hata biashara ya bima ilitaifishwa baada ya Azimio lililopitishwa mji huu mwaka 1967, ikabaki mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa hadi sheria ya 1996 ilipofungua soko. Leo watahiniwa wa bima ndio wanaokosa madawati Arusha!

Msidhani tunalilia cheti cha kutundika ukutani. Kuna mama muuza vitenge alinijia analia. Dukani alikuwa na mali ya milioni 40. Wakala aliyemkatia bima akamwandikia milioni 20 ili ada iwe ndogo, mama akashukuru. Moto ukaja, ukala mali ya milioni 10. Akategemea 10, akalipwa 5. Hakuna aliyemwibia: ukikatia bima nusu ya thamani, hata hasara ndogo utafidiwa nusu. Wakala hakulijua hilo, hakuna aliyemfundisha. Mimi nililijua kupitia kitabu mlichotuuzia ninyi, nikajaribu kumweleza mama, lakini hakutaka tena kunisikiliza. Mama yule ukimtajia bima leo anasonya. Na mawakala wa namna ile huku wako wengi, wanauza bima ndogo ya gari (ya kumlipa uliyemgonga) na bima kubwa (inayolipa na gari lako) bila kuweza kumweleza mteja tofauti yake.

London, Chartered Insurance Institute, chama cha wataalamu wa bima chenye hati ya kifalme tangu 1912, siku hizi baadhi ya mitihani yao mtu anaifanya nyumbani kwa kompyuta. Huko hatujafika, wala siombi.

Siombi posho. Siombi semina ya hotelini yenye chai na sambusa, wala fulana. Naomba chumba. Hata darasa la shule ya msingi Jumamosi, watoto wakiwa makwao, tutafagia wenyewe. Kama wiki hii imeshindikana, tangazeni tarehe nyingine, kwa ada ileile tuliyokwisha kulipa, lakini iwe Arusha. Mkisema Moshi, sawa, Moshi tutakwenda. Dar hapana, Ndugu Katibu.

Naomba jibu leo hii, maana basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi na tiketi sijakata.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwanachama aliyelipa ada zote,
Arusha