Diski iliyopasuka isifagiliwe

Mhariri,

Katika karakana za kuchomelea, Katwe hapa Kampala na kwingineko Uganda, diski ya grainda (mashine ya mkono ya kukatia na kusagia chuma) ikipasuka na kumjeruhi mtu, sakafu hufagiliwa na diski nyingine hufungwa ili kazi iendelee. Kesi ya fidia hufia hapo hapo.

Mzigo wa kuthibitisha uzembe ni wa mdai. Kwamba mwajiri ana wajibu wa kumlinda si jambo gumu; Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inasema hivyo. Kigumu ni kuonyesha nini hasa kilisababisha jeraha, na mara nyingi jibu limechapwa kwenye diski yenyewe. Diski ya milimita 230 kwa kawaida huruhusiwa mizunguko 6,600 kwa dakika, ilhali grainda ndogo ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000. Ukifunga diski hiyo kubwa kwenye grainda ndogo, inazungushwa kupita kasi yake; tena haiingii mpaka kikinga, yaani kifuniko kinachozuia vipande visimrukie mtu, king'olewe. Aliyeruhusu hayo ni karakana, si kiwanda. Soma pia pete ya chuma ya katikati, ambako tarehe ya mwisho wa matumizi huandikwa.

Ikiwa kasi ililingana, kikinga kilikuwepo na tarehe haijapita, basi mtazame mtengenezaji na muuzaji. Mwaka 1959 huko Uingereza, katika shauri la Davie dhidi ya New Merton Board Mills, mfanyakazi aliyeumia jicho alishindwa na mwajiri wake kwa kuwa kifaa kilinunuliwa kwa muuzaji wa kuaminika na kasoro ilijificha ndani ya chuma. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila wakili wa mwajiri ataushika. Ndiyo maana risiti ya dukani, inayoonyesha diski ilinunuliwa kwa nani, ina thamani sawa na cheti cha daktari.

Kwa hiyo piga picha mashine ilipoangukia, kikinga na kibandiko cha namba vionekane. Okota vipande vyote, hata vidogo, vifungwe mbele ya shahidi atakayetia sahihi. Fundi asiifungue grainda kabla mtaalamu hajaikagua; akibadilisha hata swichi, upande wa pili utasema kasoro ni yake.

Fidia chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi haihitaji kuthibitisha uzembe, lakini mwajiri apewe taarifa ndani ya mwezi mmoja. Kesi ya uzembe kwa majeraha ya mwili ifunguliwe ndani ya miaka 3. Ikiwa mdaiwa ni serikali, miaka 2 tu.

Msomaji, Kampala