4K sio dawa ya kuona ndege ya mbali

Mhariri, watu wanashauriwa kila siku eti ukitaka kumuona adui mapema kwenye simuleta za ndege (magemu ya kurusha ndege) kama DCS World basi nunua skrini ya 4K (yenye pikseli, yaani vinukta vya picha, 3840 kwa 2160), mi nasema hapo tuelewane kidogo. Chukua ndege ya kivita F-16, mabawa yake ni kama mita 10, iweke kilomita 10 mbele yako huku skrini ikionyesha upana wa nyuzi 80, kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 hiyo ndege nzima ni kama pikseli moja tu! 4K inakupa mbili ila ni vipikseli vidogo mno, kama skrini zote ni inchi 27 kile kidoa kwa macho kinabaki saizi ileile. Na gemu likiichora ndege ya mbali kama nukta ya pikseli moja ndo kabisa, wa 1080 anaona nukta nene wa 4K anakodoa macho, ndo maana kuna wajanja wanashusha rezolusheni, yaani idadi ya pikseli, makusudi (uhuni, lakini unafanya kazi).

4K utaifurahia ndege ikisogea, pale unapotaka kujua hii ni MiG-29 au F-15 kabla hujafyatua, mana zote zina mikia miwili. Ila kadi ya grafiksi inabeba pikseli mara nne, fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zikishuka picha inakatakata. Mi ningechukua 2560 kwa 1440, halafu zumu naiweka kwenye kitufe cha jostiki karibu na kidole gumba. Na taa ya dari zimeni jamani, ikiakisi kwenye kioo hamtaona nukta yoyote.

Msomaji wenu, Tanga