Risala ya Klabu ya Historia na Mijadala kwa Mgeni Rasmi, Maadhimisho ya Siku ya Afrika

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wa Bunge la Afrika,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uhai na kutukutanisha katika viwanja hivi vya shule yetu. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha majukumu mazito ya taifa na ya bara zima ukaja kuketi nasi. Tunajua barabara ya kufika huku si rafiki, na mvua za mwezi huu hazikusaidia. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianzishwa na wanafunzi wachache wa kidato cha tatu pamoja na mwalimu wetu wa Historia, wakikutana Ijumaa jioni chini ya mwembe kwa kukosa chumba. Toka hapo tumepiga hatua kubwa. Tumeshika nafasi ya pili katika mashindano ya mijadala ya wilaya. Tumechora ukutani mwa bwalo ramani ya Afrika yenye mipaka yote, ramani ambayo shule jirani huja kuitazama. Tumetembelea Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo hapa Arusha. Tunaamini hakuna klabu ya shule katika mkoa huu inayolijua bara hili kutuzidi.

Mada yetu ya mwaka huu imekuwa moja: umoja wa nchi ufanye nini pale watu wa eneo fulani la nchi mwanachama wanapodai kujitenga? Tumeijadili tangu shule ilipofunguliwa Januari, na maazimio yake ndiyo hasa tuliyokuitia.

Mheshimiwa, tusieleweke vibaya. Sisi ni watoto wa Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, si mashabiki wa kuvunja nchi. Tunaliheshimu Azimio la Cairo la Julai 1964, ambalo Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa waliolipigania, kwamba kila nchi iiheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Moroko na Somalia hawakulikubali, lakini bila azimio lile pengine bara hili lingepigana vita vya mipaka kuanzia Tanger hadi Maputo. Kanuni hiyo imo pia katika ibara ya 4 ya Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika. Hatuombi iondolewe.

Ila Mwalimu huyohuyo, tarehe 13 Aprili 1968, aliifanya Tanzania kuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, eneo lililokuwa limejitenga na Nijeria. Wajumbe wetu walibishana juu ya jambo hili kwa wiki kadhaa. Wapo waliosema alijipinga. Wengi tulikubaliana kwamba aliona kitu ambacho Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), uliotangulia Umoja wa Afrika wa leo, haukutaka kukiona: kuwa mipaka inalindwa kwa ajili ya watu wanaoishi ndani yake, na watu wakishapoteza imani kwamba maisha yao yako salama ndani ya nchi ile, kuwasomea azimio hakuwarudishi. Mkutano wa wakuu wa nchi wa Kinshasa, Septemba 1967, uliliita suala la Nijeria jambo la ndani. Vita viliendelea hadi Januari 1970, na njaa iliua watoto wengi kuliko risasi.

Eritrea nayo iliunganishwa na Uhabeshi (Ethiopia) kwa shirikisho mwaka 1952, na mwaka 1962 shirikisho lile likafutwa. Makao makuu ya OAU yalikuwa Addis Ababa kwenyewe. Vita vilikwenda miaka thelathini, na kura ya maoni ikaja Aprili 1993, baada ya bunduki kushinda. Umoja wetu haukuwa na cha kufanya isipokuwa kumpokea mwanachama mpya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo lililotusumbua kuliko yote ni Kameruni, na hapa tunaomba utuvumilie, kwa sababu ndipo ombi letu lilipo.

Eneo lililokuwa chini ya Waingereza, Kameruni ya Kusini, lilipiga kura Februari 1961 kujiunga na Kameruni iliyotawaliwa na Wafaransa, na tarehe 1 Oktoba mwaka huo likaingia katika shirikisho. Mwaka 1972 shirikisho likafutwa. Mwaka 1984 hata jina la nchi likabadilishwa, neno "Muungano" likatoka. Mwaka 2003 wananchi wa eneo hilo hawakushika silaha. Waliandika malalamiko wakayapeleka Banjul, kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, chombo cha Umoja wenyewe. Walifuata mlango ule ambao sote tunafundishwa darasani kuufuata.

Tume ilichukua miaka sita. Mwaka 2009 ikatoa uamuzi ambao sisi tumeusoma neno kwa neno, na tunaona ni uamuzi wa busara sana. Ilikataa kujitenga. Ilisema watu hao ni watu kamili wenye haki zao, lakini haki hizo zitafutwe ndani ya nchi moja, iwe kwa shirikisho au kwa madaraka ya kujiendesha. Kisha ikaiambia serikali mambo ya kufanya, na ni mambo ya kawaida kabisa. Mshtakiwa ahukumiwe kwa lugha anayoielewa, na kama haiwezekani awekewe mkalimani. Watuhumiwa wasihamishwe kutoka maeneo ya Kiingereza kwenda kushtakiwa maeneo ya Kifaransa. Miradi ya taifa igawanywe kwa haki. Serikali izungumze na walalamikaji kuhusu katiba. Tume ikajitolea kuwa msuluhishi, ikaomba taarifa ya utekelezaji ndani ya siku 180.

Mheshimiwa, siku 180 ni kama miezi sita. Ilipita miaka saba. Oktoba 2016 mawakili wa Bamenda na Buea, miji ya eneo hilo la Kiingereza, waligoma. Walilalamika kwamba mahakimu wanaoletwa hawajui sheria zinazotumika kule wala lugha ya mahakama. Kwa maneno mengine, walidai kilekile ambacho Tume ilikuwa imekwisha kukiagiza. Walimu wakafuata mwezi uliofuata. Januari 2017 mikoa yote miwili ya Kiingereza ikakatiwa intaneti. Tarehe 1 Oktoba 2017 waliokata tamaa wakatangaza nchi yao. Tangu hapo maelfu wameuawa, vijiji vimechomwa na vikosi vya serikali, na wapiganaji wa kujitenga nao wakawakataza watoto kwenda shule. Oktoba 2020, mjini Kumba, watu wenye silaha waliingia darasani mchana wakawapiga risasi wanafunzi wa umri wetu na wengine wadogo kuliko sisi.

Tulipofika hapo katika mjadala wetu, upande uliokuwa ukitetea kauli ya "jambo la ndani" uliomba kuketi.

Si Kameruni peke yake. Mwaka 2005 Umoja wa Afrika ulituma ujumbe Somaliland, eneo lililojitangazia uhuru kutoka Somalia. Ujumbe ule ukaandika kwamba historia ya eneo lile ni ya pekee, isichukuliwe kuwa ni kufungua mlango kwa kila anayetaka kujitenga, na kwamba Umoja utafute njia maalumu ya kulishughulikia. Tumetafuta njia hiyo maalumu katika nyaraka zote tulizoweza kuzipata. Hatukuiona. Sahara Magharibi, inayodaiwa na Moroko, iliahidiwa kura ya maoni Januari 1992. Abyei, eneo linalogombaniwa na Sudan na Sudan Kusini, iliahidiwa yake Januari 2011, siku moja na ile ya Sudan Kusini. Zote hazikufanyika kama zilivyoahidiwa.

Tukiri pia kwamba Umoja unaweza ukitaka. Anjouan, ambayo ndugu zetu wa pwani huiita Nzuani, ilitangaza kujitoa Komoro Agosti 1997, bendera ya Ufaransa ikapandishwa Mutsamudu, mji mkuu wa kisiwa hicho. OAU ilikataa kuitambua, lakini haikuishia kukataa. Iliendelea kuzungumza, na Februari 2001 makubaliano yakasainiwa Fomboni: kila kisiwa kijiendeshe, na urais wa Muungano wa Komoro uzunguke kisiwa hadi kisiwa. Mohamed Bacar, aliyekuwa rais wa Anjouan, alipong'ang'ania madaraka, majeshi ya Umoja wa Afrika, Tanzania ikiwemo, yalitua Anjouan tarehe 25 Machi 2008. Huenda miongoni mwa wazazi walioketi hapa yupo aliyevaa magwanda siku ile, na tunampongeza. Lakini Julai 2018 katiba ilibadilishwa, ule mzunguko ukalegezwa ili rais aliyepo aweze kuendelea, na Oktoba mwaka huohuo risasi zikalia tena katika mitaa ya mji mkongwe wa Mutsamudu. Umoja ulijua kupeleka askari kulinda makubaliano. Makubaliano yalipobomolewa kwa karatasi, tulitarajia sauti yenye uzito uleule.

Kuna mwenzetu aliyeuliza: je, kujitenga kwenyewe si dawa? Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 kwa kura ya karibu asilimia 99, na Desemba 2013 ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe. Kwa hiyo hatusemi kila anayeomba apewe nchi. Tunasema asikilizwe akiwa bado anaandika barua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja, na tumeliandika katika bahasha utakayokabidhiwa na katibu wetu. Tunaomba upeleke hoja Midrand, yaliko makao ya Bunge la Afrika, kwamba kila uamuzi wa Tume ya Banjul, na kila ripoti ya ujumbe wa Umoja wa Afrika, inayohusu eneo linalodai kujitenga, iwasilishwe mbele ya Bunge la Afrika na Baraza la Amani na Usalama ndani ya mwaka mmoja, nchi husika ijibu hadharani imetekeleza nini, na lisilotekelezwa lirudi mezani kila mwaka hadi litekelezwe. Makubaliano ambayo Umoja umeyashuhudia yaingizwe humohumo. Tunafahamu Bunge la Afrika bado ni la ushauri. Kuuliza swali hadharani hakuhitaji mamlaka ya kutunga sheria.

Tunaomba pia useme neno nyumbani. Mwaka 2019 nchi yetu iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi na asasi za kiraia kwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika, mahakama ambayo sisi tumeitembelea kwa basi la shule. Mlango wa mahakama ukifungwa, mwenye malalamiko hubaki na mlango gani?

Na kwa kuwa Februari 2022 Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, tunaomba uamuzi ule wa 2009 utafsiriwe. Sisi tuliusoma kwa kamusi, kurasa nyingi, kwa taabu.

Mheshimiwa, kwa heshima zote, lazima tuseme na hili. Ombi la aina hii tuliwahi kulikabidhi kwa kiongozi mwingine, katika viwanja hivihivi, mbele ya wazazi hawahawa. Aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akasema ahadi ni deni, na kwamba jibu lingefika kabla ya muhula kwisha. Wenzetu waliosoma risala ile wamekwisha kuhitimu. Wengine bado hutupigia simu kuuliza kama jibu limekuja. Hatumlaumu, majukumu ni mengi. Tunakuomba tu, kabla hujaondoka, utuambie ni kikao kipi utaiwasilisha hoja hii na ni nani tumwandikie kufuatilia. Hata kama jibu la Midrand litakuwa hapana, tunaomba hapana hiyo itufikie kwa maandishi, tuibandike pembeni ya ramani yetu bwaloni.

Tunakutakia afya njema na safari salama.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Klabu ya Historia na Mijadala