Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mfuko wa Matibabu na Vipimo vya Brusela

Ndugu wanachama,

Assalamu alaykum, na salamu za heri kwenu nyote, hasa mliotoka Witu na Hindi mkavuka kwa mashua kutoka Mokowe ili kuhudhuria mkutano huu hapa Amu (Lamu). Mweka hazina atawasomea hesabu mstari kwa mstari, na katibu ataeleza habari za madebe na nauli ya kuvusha maziwa, kwa hiyo mimi sitayagusa hayo. Taarifa yangu inahusu jambo moja ambalo limeutikisa mfuko wetu wa matibabu, sisi wafugaji na wauza maziwa, mwaka huu kuliko jingine lolote, nalo ni karatasi za maabara zinazosema kwamba mwanachama fulani ana brusela.

Naomba nisieleweke vibaya. Bruselosi, yaani ugonjwa unaoletwa na bakteria wa brusela kutoka kwa mifugo, ni ugonjwa wa kweli, na sisi tumo hatarini kuliko seremala au mwalimu, kwa kuwa ndio tunaokamua alfajiri, ndio tunaomvuta ndama kwa mikono mitupu ng'ombe anaposhindwa kuzaa, na ndio tunaookota kondo la nyuma la mbuzi aliyetupa mimba. Dalili zake tunazijua: homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na kiuno, uchovu usiokwisha, na kwa baadhi ya wanaume kuvimba korodani. Tatizo ni kwamba malaria, taifodi na hata kifua kikuu vinaweza kuja na nyingi ya dalili hizo hizo, na hakuna tabibu awezaye kuvitenganisha kwa kumtazama mgonjwa tu. Ni lazima damu ipimwe, na hapo ndipo mgogoro wetu unapoanzia.

Mimi mwenyewe niliugua kabla ya mvua za masika. Nilipimwa katika maabara moja ndogo ya bara, ambayo sitaitaja, nikaambiwa brusela imeonekana, nikaandikiwa dawa za wiki sita. Kwa kuwa bei ilinishtua, nilikwenda kwingine siku ya pili. Huko kipimo cha brusela kiitwacho Rose Bengal hakikuonyesha kitu, na mtaalamu alipoitazama damu yangu kwa darubini akaviona vimelea vya malaria. Dawa ya malaria ya siku tatu ikaniinua. Sikulileta jambo hili mbele ya kamati kama malalamiko, ila lilinifanya nianze kuuliza maswali ambayo nilipaswa kuyauliza miaka mingi iliyopita.

Mtaalamu yule alikuwa na subira, akaniruhusu nisimame kando yake na kutazama. Alichukua tone la seramu, yale maji ya manjano yanayojitenga damu ikishaganda, akaliweka juu ya kigae cheupe, akaongeza tone la dawa ya rangi ya waridi iliyokolea, akavichanganya kwa kijiti, kisha akawa anakiyumbayumbisha kigae taratibu kwa dakika 4 huku akiangalia saa. Tone langu lilibaki laini kama maziwa mapya. Kando yake alikuwa ameweka seramu ya mfano inayojulikana kuwa na ugonjwa, na hiyo ilianza kukatika mbele ya macho yangu, chembechembe zikijikusanya pembezoni kama maziwa yaliyoharibika yanapotiwa motoni. Mwuza maziwa yeyote angeielewa tofauti ile bila kuelezwa.

Dawa ile ni bakteria wa brusela waliouawa na kutiwa rangi. Kinachowafanya washikamane ni kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kukutana na bakteria hao. Kwa hiyo kipimo hakimwoni mdudu mwenyewe, kinaona alama kwamba mwili umewahi kupambana naye, au na mwingine anayefanana naye. Wapo bakteria wengine, mmojawapo akiitwa Yersinia enterocolitica, ambao gamba lao la nje linashabihiana na la brusela kiasi cha kuwachanganya askari. Na mtu aliyeishi na mifugo tangu utotoni anaweza kubeba kingamwili hizo kwa miaka bila kuwa mgonjwa leo.

Si elimu mpya hii. Daktari Mwingereza Almroth Wright alionyesha mwaka 1897 kwamba seramu ya mgonjwa huwashikanisha bakteria hao, na mwaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, akaitumia njia hiyo hiyo kupima mbuzi wa kisiwa cha Malta. Damu ya mbuzi walioonekana wazima kabisa ilitoa jibu la "ndiyo", na ndivyo ilivyojulikana kwamba homa iliyokuwa ikiwaua askari wa Uingereza kisiwani humo ilitoka katika maziwa mabichi.

Kipimo nilichofanyiwa mara ya kwanza si cha Rose Bengal. Ni kile cha haraka kinachotumia matone ya dawa ya abortus na ya melitensis, aina mbili za bakteria wa brusela, ambacho kimeenea katika zahanati nyingi nchini kwa kuwa ni rahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha vipimo hivi viwili kwa wagonjwa zaidi ya 800 katika kaunti ya Busia. Kile cha haraka kilimwona karibu mgonjwa 1 kati ya 5 kuwa na brusela, ilhali Rose Bengal kilimwona asiyefika 1 kati ya 100. La kutisha zaidi ni kwamba hata kati ya wale wachache walioonekana na Rose Bengal, wapo ambao kile cha haraka kiliwapita. Kipimo cha namna hiyo kinakosea pande zote mbili.

Hata kipimo kizuri kina mipaka yake, na hapa naomba tufanye hesabu pamoja. Chukueni watu 1,000 wenye homa, tuseme 10 kati yao ndio wenye bruselosi. Kipimo kinachowakamata 9 kati ya hao 10, na kinachowasingizia watu 5 tu katika kila 100 wasio nayo, kitatoa majibu ya "ndiyo" kama 59 hivi, na kati ya hayo 9 tu ndiyo ya kweli. Tunalijua jambo hili sokoni. Laktomita, kile chombo cha kupimia uzito wa maziwa, ikisoma chini hatumfukuzi msambazaji papo hapo, kwa sababu huenda ametia maji na huenda maziwa bado yana joto la kiwele. Tunayaacha yapoe, tunapima tena, tunauliza. Sijui ni kwa nini tuliwaonea huruma wasambazaji wetu tukasahau kujihurumia wenyewe.

Upande wa pili nao upo, na kijana mmoja anayechunga mifugo ya mwanachama wetu wa upande wa Witu ni shahidi. Alitibiwa malaria mara tatu huku mgongo ukizidi kumkunja. Kipimo cha kwanza cha brusela kilikuwa safi. Alipopimwa tena baada ya majuma kadhaa, Rose Bengal kilikatika, na kile cha mirija, ambamo seramu huzimuliwa hatua kwa hatua, kikaendelea kujibu hata ilipopita kiwango cha 1 kwa 160, kiwango ambacho wataalamu wengi hukitumia. Katika siku za mwanzo kingamwili huwa bado hazijatosha, na ndiyo maana jibu safi la siku ya kwanza si ruhusa ya kumpuuza mgonjwa. Kuotesha bakteria kutoka kwenye damu ndiko ushahidi usio na shaka, lakini huchukua siku au hata wiki, mara nyingi hawaoti, na ni hatari kwa wafanyakazi wa maabara.

Wapo waliosema ndani ya kamati kwamba mwenyekiti anayeuza maziwa hawezi kuipenda habari ya brusela, na kwamba ninatafuta njia ya kuuficha ugonjwa. Hoja hiyo ina haki ya kujibiwa. Jibu langu ni dawa zenyewe. Tiba ya kawaida ni doksisaiklini kwa wiki 6 pamoja na rifampisini, au pamoja na sindano za streptomaisini kwa wiki 2 au 3. Rifampisini na streptomaisini ni silaha za kupigana na kifua kikuu. Mwenye kifua kikuu akipewa dawa hizo kwa jina la brusela hupata nafuu ya uongo, akaendelea kuwaambukiza wa nyumbani kwake, na wadudu wake wakajifunza kuzizoea. Doksisaiklini nayo kwa kawaida hawapewi wajawazito wala watoto wadogo. Tena wapo wanachama waliorudia tiba mara mbili kwa sababu tu karatasi ya baada ya dawa bado ilisema "ndiyo", ilhali kingamwili huweza kubaki mwilini miezi mingi baada ya mtu kupona. Kupona hupimwa zaidi kwa hali ya mgonjwa.

Kamati kwa hiyo inaleta pendekezo lifuatalo mpige kura leo. Mfuko usilipie tiba ya bruselosi kwa karatasi ya kipimo cha haraka peke yake. Badala yake ulipie kwanza Rose Bengal, na jibu likiwa "ndiyo" ulipie na kile cha mirija, pamoja na kipimo cha malaria na nauli ya mashua kwa anayelazimika kuvuka. Mgonjwa ambaye majibu yake ni safi lakini homa haijamtoka alipiwe kupimwa tena baada ya wiki mbili. Kila anayekwenda kupimwa amweleze tabibu bila kuona haya kama amekunywa maziwa mabichi, kama amezalisha mnyama, au kama amejichoma na sindano ya chanjo ya ng'ombe, kwa kuwa maelezo hayo huipa karatasi uzito ambao haina ikiwa peke yake.

Aliye katikati ya dawa hivi sasa asiziache kwa sababu ya maneno yangu. Arudi kwa tabibu wake na karatasi mkononi. Nakala za karatasi za mwaka huu zipokelewe na katibu kabla ya mashua ya alasiri kuondoka.