Shangazi, ile kaseti nyeusi

Shangazi, shikamoo.

Juzi ulipiga simu saa mbili usiku, ukaanza na habari za mvua, ukaja kwenye mahindi, ukapita kwenye bei ya mbolea. Nikajua kuna jambo. Wewe ukiwa na jambo huanzia shambani. Likaja: mjukuu wako siku hizi anajifungia chumbani, kaziba masikio na vile vidude vyake, anasikiliza watu wanaoimba kama wanagombana, na ukimuuliza anakujibu eti ni nyimbo za dini. "Dini gani ya kunguruma hivyo? Ongea naye wewe, anakusikiliza."

Nikaitikia "sawa shangazi," kama ninavyoitikia tangu nina miaka sita. Halafu usingizi ukagoma. Nimeamua kukuandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye simu utanikatisha, utaniombea, na mazungumzo yatakuwa yameisha. Jina lako silitaji. Binti yako atakusomea, nawe utajijua.

Unaikumbuka ile kaseti nyeusi? Mwaka 1992, nipo kidato cha pili, nimekuja kwako likizo ya Desemba. Nilipewa na rafiki yangu wa bweni ambaye kaka yake alikuwa baharia. Haikuwa kaseti ya kurekodiwa mtaani, ilikuwa halisi, na karatasi yake ya kukunjwa ndani. Nilikuwa naisikiliza kwenye redio yako ile ya kaseti mbili, sauti chini kabisa, sikio nimelibandika kwenye spika. Ukaingia na beseni la nguo, ukaichukua ile kava, ukasoma kwa sauti: *To Hell with the Devil*. Ukarudia maneno mawili tu, jehanamu na shetani. Hukuniuliza kitu. Kaseti ikatoka, ikaingia mfukoni mwa kanga yako, na jioni ile tulisali muda mrefu kuliko kawaida.

Sikukujibu, maana mtoto hajibizani. Leo nina mvi kidevuni, niruhusu.

Wewe kila Ijumaa kwenye maombi husimama, ukainua mkono ukasema, "Shetani, shindwa! Shindwa na ulegee!" Kanisa zima linaitikia. Basi lile jina la kaseti ndilo hilo hilo, Shangazi. Ni bendi ya roki ya Kikristo, watu wanne wa California, wakimwambia shetani aende zake jehanamu alikotoka. Kava ya kwanza kabisa ya santuri ile ilikuwa na picha ya malaika wanne wenye nywele ndefu wakimtupa shetani shimoni. Baadaye ilibadilishwa, wakaweka nyeusi tupu yenye maandishi, na ndiyo iliyokufikia wewe mkononi. Ungeiona ile ya malaika labda mambo yangekwenda vingine. Au labda nywele zao ndizo zingekutisha zaidi.

Wanaitwa Stryper. Ndugu wawili, Michael Sweet anayeimba na Robert Sweet anayepiga drams, pamoja na Oz Fox kwenye gitaa na, enzi hizo, Tim Gaines kwenye besi. Walianza kwa jina jingine, Roxx Regime, wakipiga kumbi za Los Angeles kama vijana wengine wa roki wa wakati ule, na mambo yote ya vijana wa roki. Mwaka 1983 rafiki yao mmoja akawaendea mazoezini, akawaambia vipaji hivyo ni vya Mungu na wamrudishie mwenyewe. Wakasali palepale. Santuri yao ya kwanza ikatoka mwaka 1984.

Jina walilitoa Isaya 53:5, mstari uliotukaririsha wewe mwenyewe: "na kwa kupigwa kwake sisi tumepona." Kwenye Biblia yetu fumbo lao halionekani. Katika Kiingereza cha Biblia ya zamani, alama za mapigo mgongoni na mistari ya rangi kwenye kitambaa ni neno moja. Ndiyo maana wakavaa mistari ya manjano na nyeusi kuanzia shingoni mpaka kwenye viatu, wakapaka mistari hiyo kwenye magitaa, kwenye spika, kwenye drams, hata kwenye magari. Nakubali, walifanana na nyigu. Suruali zao zilibana kiasi kwamba hata mimi niliyewapenda niliona haya kwa niaba yao. Lakini kile kilichokuwa kinakuchekesha ukiona picha zao kilikuwa ni Isaya amevaliwa mwilini.

Sasa kuhusu kupiga jukwaani, maana hapo ndipo ningependa ukae kidogo. Nina mkanda wao uliorekodiwa Japani mwaka 1985. Robert hakupiga drams akiutazama umati, aligeuza seti nzima ubavu ili watu waone mikono na miguu yake ikifanya kazi. Michael na Oz walikuwa wakisimama bega kwa bega na magitaa mawili yanapiga solo moja kwa pamoja, moja limeshika sauti ya kwanza na jingine limeshika ya pili. Wewe uliyetupanga soprano na alto kwa fimbo ya kuonyeshea nota, ungelisikia hilo mara moja. Na Michael anapanda juu, juu, mpaka pale ambapo soprano wako wa mstari wa mbele walikuwa wanaanza kukohoa kwa kusingizia mafua. Anaifikia noti kwa kifua.

Kisha wanachukua Agano Jipya, nakala ndogo ndogo, wanazirusha kwa watu, nyingi mno. Vijana wanarukia kama wanavyorukia jezi ya mchezaji. Kulikuwa na watu waliofika kunywa bia wakarudi nyumbani na Injili ya Mathayo mfukoni.

Wewe unafikiri walipendwa na Wakristo kwa hilo? Nje ya kumbi walisimama waumini na mabango na vipaza sauti wakiwaita mbwa mwitu. Ndani, wapenzi wa roki wengine wakiwazomea kwa kuwa wanahubiri. Na hapa kuna kisa ambacho kila nikikifikiria nakukumbuka wewe. Nyumba ile ya kina Sweet ilimpokea Yesu mwaka 1975 kwa kumtazama mhubiri wa televisheni, Jimmy Swaggart. Michael alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Miaka kumi baadaye, mhubiri huyo huyo akawa miongoni mwa waliowashambulia hadharani. Alisema kurusha Biblia namna ile ni kuwatupia nguruwe lulu.

Mtu aliyekuonyesha mlango ndiye anayekuambia umeingia nyumba isiyo yako. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikuwa kwenye basi, na nililifunga gazeti nikaangalia nje mpaka tulipofika. Kwa sababu ni wewe, Shangazi, uliyenifundisha do-re-mi. Ni wewe uliyeniweka tenor nikiwa bado sauti haijavunjika vizuri. Sikuwa nimetoroka kwaya kwenda kwa shetani. Nilikuwa nimesikia kwaya mahali pengine.

Na tukumbushane kidogo. Lile gitaa la umeme lilipoingia usharikani kwetu, wazee walisema nini? Walisema ni la dansi, la vilabuni, kwamba kesho watu watacheza rumba madhabahuni. Nani alisimama kwenye kikao akasema Daudi alipiga vinubi na matoazi na wala hakuomba ruhusa? Leo kwaya zetu zote zina solo, ridhimu na besi, na AIC Chang'ombe wakipiga hata bibi mwenye fimbo anainuka. Tofauti ya gitaa lile na la Oz Fox ni kwamba la Oz limekorogwa sauti likawa linakwaruza. Ni tofauti ya mkwaruzo tu. Sidhani kama shetani anaishi kwenye mkwaruzo.

Lakini sitaki kukudanganya ili nishinde. Kaseti uliyoichukua iliuza zaidi ya nakala milioni moja Marekani, jambo ambalo bendi ya hevi metali ya Kikristo ilikuwa haijawahi kulifanya, na video zao zikawa zinaombwa MTV kila siku. Mafanikio hayo yakawafanya nini? Kufika mwaka 1990 walikuwa wamechoka kutukanwa pande zote mbili. Wakatoa santuri ya *Against the Law*. Manjano na nyeusi wakavua, mashairi yakaacha kumtaja Mungu waziwazi, na wenyewe wamekiri baadaye kwamba pombe ilikuwa imerudi. Kimuziki ni kazi safi sana. Mimi naona hawajawahi kupiga vizuri kama pale, na huwa naisikiliza nikiwa naendesha, lakini kuna kitu ndani yake kimepoa, kama chai iliyosahaulika mezani. Kwa hiyo woga wako haukuwa wa bure kabisa. Jukwaa linakula watu. Ila linakula hata wa kwaya, Shangazi, na wahubiri pia. Swaggart naye mwaka 1988 alisimama mbele ya kamera akilia na kuungama dhambi zake. Silitaji hilo kwa kumcheka.

Mwaka 1992, mwaka ule ule wa beseni la nguo, Michael aliondoka kwenye bendi. Baadaye akawa kule Massachusetts, akifanya kazi kwenye shamba la familia ya mkewe, la matunda madogo mekundu yanayolimwa kwenye maeneo ya majimaji. Mtu aliyezoea maelfu ya watu wakiimba naye, anashinda na gambuti.

Walirudiana mwaka 2003. Wakazivaa tena rangi zao. Mwaka 2009 mke wa Michael, Kyle, alifariki kwa saratani. Mwaka 2018 Oz Fox alianguka kwa kifafa akiwa jukwaani Las Vegas, madaktari wakakuta vivimbe kichwani. Akarudi kupiga. Ni wazee sasa, nywele hazidanganyi tena, lakini Agano Jipya bado linaruka kutoka jukwaani. Kwangu mimi hapo ndipo penye ushahidi, zaidi ya zile milioni za nakala. Kijana wa miaka ishirini na tatu kuimba kwamba Mungu ni mwema akiwa amevaa suruali ya kubana si ajabu. Mtu aliyefiwa na mkewe kuimba wimbo ule ule ni habari nyingine.

Turudi kwa mjukuu wako. Nimemuuliza anasikiliza nini. Ni bendi ya Skillet. Nao wanatoka Marekani, Memphis, tangu 1996. Anayeimba, John Cooper, mama yake alikuwa mwalimu wa piano, na nyumbani kwao chochote chenye drams kilihesabiwa cha shetani. Unaona ninakokwenda? Anayepiga gitaa na kinanda pembeni yake ni mkewe, Korey. Na kwenye drams kuna binti wa Kiingereza, Jen Ledger, aliyejiunga nao akiwa na miaka kumi na minane, anapiga huku anaimba. Wewe uliyepigana miaka minne wanawake waruhusiwe kugusa drams kanisani, huyo binti ungempenda. Wakipiga jukwaani moto unalipuka kweli kweli, miali ya juu kuliko paa, na kuna miaka ambapo katikati ya miali hiyo alisimama mtu wa fidla na mtu wa selo. Si muziki wangu sana, mimi nimebaki kwa wazee wangu wenye mistari. Lakini kijana hajakudanganya. Ni nyimbo za dini.

Kwa hiyo kuongea naye nitaongea, ila si yale uliyonituma. Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Naomba siku hiyo avitoe vile vidude masikioni na muziki upigwe sebuleni, kwenye spika, wewe ukiwa kwenye kiti chako. Nyimbo tatu. Usimkatize. Ukimaliza useme utakalo, hata ukisema ni takataka, maana ziko zitakazokuwa takataka. Mwambie akuonyeshe alto iko wapi.

Na jambo la mwisho. Tulipokuwa tunapanga vitu vya bibi baada ya msiba, kwenye lile sanduku la bati chini ya vitenge nilikuta kaseti nyeusi. Miaka yote hiyo nilidhani uliichoma. Vile vitundu viwili vya juu umeviziba kwa karatasi ya kutafuna, kama tulivyokuwa tukifanya wote ili kaseti ya dukani ikubali kurekodi. Ukarekodi mazoezi ya kwaya ya Pasaka. Nimeisikiliza. Sauti yako ipo, unamfokea mtu wa besi aliyechelewa kuingia, na nadhani ni mimi. Mnaimba mpaka mwisho, Amina ndefu ile ya sauti nne, unasema "haya, tukapumzike," kitufe kinabonyezwa.

Halafu kuna ukimya kidogo, na gitaa la Oz Fox linaingia katikati ya solo, linamalizia upande wa kwanza wote.

Nitakuja nayo. Ile redio ya kaseti mbili bado inafanya kazi?