Wanunuzi wa saa za zamani, mfuniko ufunguliwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuseme na wanunuzi wa saa za zamani za mkono hapa Tanga. Biashara imechangamka. Seiko 5, Orient, Citizen, Roamer na HMT zinauzwa mkononi kule Ngamiani, nyingine zinanadiwa kwa picha za simu. Saa zenyewe hatuzisemi vibaya. Tatizo ni kwamba watu wananunua mng'aro, na kwenye saa ya miaka 40 mng'aro ndio wa kutiliwa shaka kwanza.

Uso wa saa ndio unaodanganya kuliko kitu kingine chochote. Seiko na HMT nyingi zinazoitwa “mpya kabisa” zilipakwa rangi upya India. Si dhambi, mradi mnunuzi ajue na alipe bei ya hivyo. Shika kioo cha kukuzia cha mara 10 usome maandishi. Herufi za kiwandani zina kingo kali na wino umelala sawasawa. Za kupakwa upya zimevimba au zimepinda, na vistari vya dakika havikutani na alama za saa. Tazama pia ukingo wa kidirisha cha tarehe: rangi ikiwa nene na kona zimeviringika, ujue imepulizwa juu ya nyingine. Alama zikiwa na rangi mbichi ya kung'aa gizani, ilhali ya kwenye mishale imegeuka kahawia, vitu hivyo havikutoka kiwandani pamoja.

Kwa Seiko kuna kipimo kizuri zaidi. Chini kabisa ya uso, karibu na namba 6, kuna maandishi madogo mno yanayoanza na tarakimu nne za aina ya mashine, mfano 7009. Tarakimu hizo hizo zinatakiwa zionekane kwenye mfuniko wa nyuma, na zimechongwa kwenye mashine yenyewe. Uso ukisema 6309, mfuniko ukasema 7009, hapo umeletewa vipande vya saa mbili. Halafu soma namba ya mfululizo nyuma. Kwa zile za tarakimu 6 za miaka ya 1970 na 1980, ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi. Oktoba huandikwa O, Novemba N, Desemba D. Namba inayoanza na 84 ni Aprili 1978 au Aprili 1988, na aina ya mashine ndiyo inayoamua muongo. Muuzaji akikuapia kwamba 7009 yake ni ya mwaka 1965, mchekee tu. Mashine hiyo ilikuwa haijaundwa.

Mwili wa saa hauna mengi. Maneno “Stainless Steel Back” yanamaanisha kwamba mfuniko wa nyuma peke yake ndio stenlesi. Kwa kawaida kilichobaki ni shaba nyeupe au ya njano iliyopakwa kromu au dhahabu. Jasho na hewa yetu ya chumvi huila kuanzia kwenye pembe zinazoshika mkanda. Ukiona vishimo hapo, havipigwi msasa vikaisha, vinazidi.

Sasa mashine. Saa ya kutia ufunguo ikizungushwa inatakiwa iwe laini, ikaze taratibu, kisha igome. Ikizunguka bila kugoma, springi kubwa imekatika au imechomoka. Ikiwa imegoma na saa haitembei, utaambiwa “ilijazwa kupita kiasi”. Hakuna ugonjwa huo: springi imejaa, kinachozuia nguvu isifike kwenye balansi (gurudumu linalocheza huku na huku kupima mwendo) ni mafuta yaliyokauka, uchafu, au kitu kilichovunjika. Kwa Seiko kama 7009 na 7S26 usihangaike na kitufe cha pembeni, hakijazi kabisa; saa hujazwa kwa mtikisiko wa mkono. Itikise polepole mara 20 hivi, iweke kifudifudi, kisha chali, kisha isimamishe kitufe kikiangalia chini. Ikisimama kwenye mkao mmoja tu, huenda ncha ya ekseli ya balansi imelika au imepinda, na hiyo ni kazi ya gharama. Ikikimbia dakika kadhaa kwa siku, usikate tamaa: mara nyingi imeshika sumaku, au springi laini ya balansi imegandamana kwa mafuta. Fundi mwenye kifaa cha kuondolea sumaku huimaliza ya kwanza kwa sekunde chache.

Vuta kitufe ujaribu siku na tarehe, ila kwanza peleka mishale kwenye 6. Ukilazimisha kubadilisha tarehe kwa kitufe mishale ikiwa kati ya saa tatu na saa tisa usiku, meno ya plastiki yanakatika, na lawama itakuwa yako.

Halafu mfuniko ufunguliwe, mbele yako. Skurubu zenye vichwa vilivyotafunwa ni ushahidi wa fundi wa bisibisi kubwa. Mkwaruzo wa duara ndani ya mfuniko unaonyesha rota (kile kipande kinachozunguka saa ikitikiswa na kujaza springi) imelegea na inasugua. Vumbi jeusi au la kahawia kuzunguka vito (vijiwe vinavyoshika ncha za ekseli) ni chuma kilichosagika kwa kukosa mafuta. Maandishi madogo yaliyochorwa ndani ya mfuniko na mafundi waliotangulia ni dalili njema, maana saa iliwahi kuhudumiwa.

Kwa mji wa pwani, kutu ndiyo hukumu yenyewe. Itafute kwenye shina la kitufe, kisha chini ya rota. Kutu ya shina peke yake inatibika kwa kubadilisha shina. Ikiwa imefika kwenye springi ya balansi, rudisha saa kwa adabu. Unyevu uliojificha hujaribiwa hivi: pasha saa joto kiganjani dakika chache, weka tone la maji baridi juu ya kioo, subiri dakika moja, ulifute. Ukungu ukibaki kwa ndani, mpira wa kuziba maji umekufa. Maneno ya kuzuia maji yaliyoandikwa mwaka 1980 hayakupi ruhusa ya kuogelea nayo Raskazone.

Jambo moja la afya. Saa za kabla ya miaka ya 1970 zenye rangi ya kung'aa gizani huenda zina radiamu, na mnururisho wake hubaki hata rangi ikiacha kung'aa. Usifungue kioo, usikwangue, usipulize vumbi lake.

Wauzaji wenzetu nao tunawaomba: mkitangaza saa, wekeni picha tatu, ya uso, ya nyuma na ya mashine ikiwa wazi, na mseme mwendo wake kwa saa 24 ukilinganishwa na simu. Saa ya zamani inayopotea sekunde 30 kwa siku ni nzima, itauzika. Ambayo picha ya mashine haipo, mnunuzi akate gharama ya kuisafisha na kuitia mafuta kwenye bei kabla hajataja shilingi yake ya kwanza.

Mafundi saa,
Ngamiani, Tanga